Faili Haikupotea: Jina Ndilo Lililokwama

Imekuwa ada ya baadhi ya wasimamizi wa hifadhi za tasnifu mtandaoni kumlaumu mwanafunzi kila faili inapokataa kufunguka. Huambiwa kuwa kompyuta yake ina virusi, au kwamba hajui kuitumia. Niliambiwa hayo mimi mwenyewe, wiki mbili kabla ya kuwasilisha pendekezo langu la utafiti, ilhali mwenzangu anayetumia Linux alikifungua kifurushi kile kile bila taabu.

Kilikuwa kifurushi cha zipu chenye tasnifu kumi na moja. Programu ya hifadhi ilizipa faili majina kutokana na anwani za tasnifu zenyewe, nasi wanafasihi tunazihusudu anwani zenye nukta mbili: dhana kuu kwanza, kisha "uchunguzi wa" diwani fulani. (Makala haya nayo hayakusalimika.) Linux huikubali nukta mbili katika jina la faili. Windows huikataza, pamoja na alama ya kuuliza, kinyota, mikwaju na alama za mtajo. Tasnifu ikipakuliwa peke yake, kivinjari aghalabu huibadilisha alama hiyo kimyakimya. Ndani ya zipu hakuna wa kuirekebisha mpaka wakati wa kufungua, na hapo Windows yangu iligoma.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Linux hutofautisha Utenzi.pdf na utenzi.pdf, Windows kwa kawaida huziona kuwa faili moja, hivyo ya pili huweza kuifuta ya kwanza. Nayo majina ya hati ya Kiarabu, ambayo tenzi zetu kongwe ziliandikwa kwayo, huweza kugeuka vurugu ya alama iwapo zipu haikutangaza kwamba imetumia UTF-8.

Kwa maoni yangu, mzigo huu ni wa aliyeiandika programu. Aipe kila faili jina fupi la herufi ndogo za Kilatini, tarakimu na kistari. Anwani kamili, pamoja na ritifaa ya ng', iandikwe ndani ya faili na katika katalogi. Wapo watakaodai kwamba hivyo ni kuidhalilisha lugha. Siafiki. Utenzi usiofunguka ndio uliodhalilishwa.

Mimi niliokolewa na yule mwenzangu. Alizibadilisha majina katika Linux yake, akaniletea kwa flashi. Tasnifu zote kumi na moja zilikuwamo, nzima.