Dalili ya Mvua ni Mawingu: Je, Wasomi wa Kiswahili Tunayasoma?

Ni nadra sana kumpata mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Tulifunzwa methali hiyo tungali katika shule ya msingi, tukaitungia insha katika shule ya upili, na tulipofika chuoni tukaichambua kwa kutaja sitiari iliyomo na muktadha wa matumizi yake. Waama, hata tukiamshwa usiku wa manane tutaikariri bila kukwama. Hata hivyo, mwezi mmoja wa Mei, wanachama 9 wa chama chetu walifunga safari kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa nia ya kwenda kutembea katika vilima vya Shimba. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya vichwa vyao tangu Voi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza maana yake. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na makala haya yanatokana na aibu ya siku hiyo.

Hoja yangu ni kwamba sisi wasomi wa Kiswahili tumeyahifadhi maneno ya misimu na pepo, lakini tumeiacha maarifa iliyoyazaa maneno hayo. Tunaijua kusi ya kamusini wala hatuitambui kusi inapotupiga usoni. Nathubutu kusema kwamba pengo hili si dogo, na kwamba ni wajibu wa vyama vya Kiswahili na idara zetu kuliziba.

Kwanza niisimulie safari yenyewe. Mitihani ilipokwisha tulichangishana fedha, tukakodi matatu, tukashika njia ya Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 480. Mpango wetu ulikuwa kulala kisiwani, kisha alfajiri tuvuke kivuko cha Likoni, tupande hadi Kwale na kuingia katika hifadhi ya Shimba. Humo tungetembea kwa miguu kiasi cha kilomita 2, tukiongozwa na askari wa wanyamapori, hadi kwenye maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 20. Baadhi yetu walikuwa na hamu ya kumwona palahala, mnyama ambaye katika nchi nzima ya Kenya makao yake ni huko Shimba. Mweka hazina wetu alifurahi mno kwa kuwa nauli na malazi ya mwezi huo yalikuwa rahisi ajabu. Hatukujiuliza ni kwa nini yalikuwa rahisi.

Mvua ilianza usiku, na kulipopambazuka haikuwa imekatika. Tulipompigia simu askari aliyekuwa atuongoze, alitueleza kwa upole kwamba njia ya kuteremkia maporomokoni ilikuwa utelezi mtupu, kijito kilikuwa kimefura, na ingekuwa vyema tuje siku nyingine. Hapo lawama zikaanza. Huyu alimlaumu mwenyekiti, yule akamlaumu katibu, na wengine wakailaumu hali ya hewa kwa kutuharibia safari. Hatimaye tuliamua kwenda Mama Ngina, angalau tuitazame bahari kabla ya kurejea.

Wanaoujua ufuo huo watakumbuka jinsi ulivyo: mibuyu mikongwe, wauza madafu na mihogo, na meli kubwa zikipita karibu sana na ukingo zinapoingia Kilindini. Tangu ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, umekuwa na njia pana za kutembelea na mahali pa kuketi. Siku hiyo ulikuwa karibu mtupu. Bahari ilikuwa ya kijivu, mawimbi yakipasuka kwenye miamba, na upepo ukitusukuma kutoka upande wa bahari. Tulijibanza chini ya kibanda cha muuza mihogo, na humo tukamkuta mzee mmoja wa Mji wa Kale akinywa kahawa. Tulipomwamkia, alitutazama tulivyovaa viatu vyetu vya kupandia milima, akatuuliza tulikokuwa tukielekea. Tukamweleza masaibu yetu.

“Wanangu,” akasema, “hamukuuliza mtu? Hamuoni kuwa huu ni mwaka?”

Mwenzetu mmoja, bingwa wa semantiki, akauliza kwa adabu: “Mwaka gani, mzee?”

Mzee alicheka hata kahawa ikataka kummwagikia. “Mwaka, mwanangu! Mvua hizi ndizo mwaka. Kusi imeshaingia. Wavuvi wamevipandisha vyombo vyao, na nyinyi ndio kwanza mwashuka!”

Nakiri kwamba kicheko kile kilitufaa kuliko mihadhara mingi. Sisi tuliosoma masika hatukujua kwamba msimu huo huo kwa watu wengi wa pwani ya Kenya huitwa mwaka. Mzee yule, aliyekuwa nahodha katika ujana wake, alitutolea darsa la saa nzima. Alitueleza kwamba kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndio wakati wa jua kali na mbingu iliyo wazi. Kisha huja kipindi cha tangambili, pepo zikiwa hazijaamua zivumie wapi. Kusi huingia mwezi wa Aprili pamoja na mvua kubwa ambazo aghalabu hufikia kilele mwezi wa Mei. Mvua hupungua, lakini kusi huendelea kuvuma na kuichafua bahari kwa miezi kadhaa. Inapolegea huwa ni demani, na baadaye huja mvua za vuli kabla ya kaskazi kurejea. Alitutajia pia umande, upepo wa asubuhi utokao barani, na matlai, upepo utokao upande wa macheo. Kila neno alilitaja pamoja na kazi yake: wakati wa kutweka tanga, wakati wa kupanda mbegu, wakati wa kuezeka nyumba.

Maneno haya yote yamo katika kamusi zetu. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kutafakari kwamba kaskazini na kusini, tunazozitaja kila siku, ni pande zilizopewa majina na pepo? Tunapotumia maneno hayo tunasema, bila kujua, huku ndiko kaskazi inakotokea na huku ndiko kusi inakotokea. Vilevile tulizame neno mwongo. Leo hulitumia tu kwa maana ya miaka 10. Waswahili wa kale waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Nairuzi kwa mafungu ya siku kumi kumi, na kila fungu liliitwa mwongo. Baharia na mkulima walijua ni mwongo wa ngapi mvua hutarajiwa na ni mwongo wa ngapi bahari hufunga. Neno limebaki, lakini kalenda iliyolibeba imetuponyoka.

Alasiri mvua ilipopungua, tulitembea kwa miguu kutoka Mama Ngina hadi Ngome ya Yesu, tukaingia katika vichochoro vya Mji wa Kale hadi kwenye bandari ya zamani. Hapo ndipo majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalipokuwa yakitia nanga yaliyoletwa na kaskazi, yakingojea kusi iyarudishe makwao. Mji huu ulijengwa na pepo hizo mbili. Nikiwa pale nilimkumbuka Vasco da Gama. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 alipita Mombasa, akafika Malindi, akapewa mwongozaji aliyeyajua maji. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa inaingia, na katika muda usiotimia mwezi mmoja akawa amefika pwani ya Bara Hindi. Wakati wa kurudi hakungoja msimu. Aliianza safari ya kuvuka bahari mapema mwezi wa Oktoba, kaskazi ikiwa haijaingia, akatangatanga baharini karibu miezi 3. Mabaharia wake wengi walifariki kwa maradhi, na aliporejea pwani yetu Januari 1499 ilimbidi aichome moto moja ya merikebu zake kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kuujua au kutoujua msimu. Sisi tulipoteza siku moja na fedha kidogo, wao walipoteza roho.

Yawezekana msomaji akauliza: je, tumefikaje hapa? Nadhani sababu moja ni namna tulivyoirithi lugha sanifu. Mkutano uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928. Sina ugomvi na uamuzi ule, kwa kuwa umetuwezesha kuelewana kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Lakini matokeo yake ni kwamba msamiati wa Kimvita na lahaja nyinginezo tumeuweka kwenye rafu ya lahaja, ukiwa kitu cha kutajwa katika mtihani wa isimujamii kisha kusahauliwa. Sababu ya pili ni tafsiri ya harakaharaka. Siku hizi husikika mara kwa mara watu wakisema mvua ndefu na mvua fupi, kana kwamba mvua hupimwa kwa futikamba, ilhali masika na vuli zipo na zimetutosha kwa karne nyingi.

Wako watakaonipinga kwa kusema kwamba misimu yenyewe imevurugika. Watataja mvua za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998 zilizokata barabara na madaraja, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023. Watasema maarifa ya wazee hayatabiri tena kitu, na kwamba wenye kazi hiyo ni wataalamu wa hali ya hewa na mitambo yao. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Mzee wetu mwenyewe alikuwa na redio ndogo mfukoni, na alikiri kwamba huusikiliza utabiri kila asubuhi. Hata hivyo, anayetaka kusema kwamba masika yamechelewa hana budi kwanza ajue masika huja lini. Asiyeijua kanuni hawezi kuutambua ukiukaji wake. Kadhalika, utabiri wa kitaalamu hauwafai wakulima na wavuvi mpaka utamkwe kwa maneno wanayoyaelewa. Nani atakayeyatoa maneno hayo ikiwa sisi tunaosomea lugha tunauliza “mwaka gani”?

Tunao mfano mwema wa kuiga. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitunga utenzi wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, akaihifadhi humo istilahi ya uundaji wa jahazi la Amu. Katika Umbuji wa Mnazi, mwaka 1985, aliufanyia mnazi kazi iyo hiyo. Hakungoja istilahi hizo zife ndipo aziandikie tanzia. Aliziandika wenye nazo wakingali hai na wakizitumia.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, ziara za chama zipangwe kwa kufuata misimu, si kwa kufuata ratiba ya mitihani na unafuu wa nauli pekee. Na kabla ya kuondoka, aulizwe mwenyeji. Pili, kila mwanachama anayezuru pwani arudi na maneno kumi ya msimu alioukuta, akiandika nani aliyasema, wapi, na katika kazi gani. Daftari hilo likijazwa mwaka baada ya mwaka, kuanzia Vanga hadi Kiunga, litakuwa hazina ambayo kamusi bado hazina. Tatu, wahadhiri wetu watukufu wawaalike manahodha, wavuvi na wakulima darasani kama wanavyowaalika waandishi, na wawaruhusu wanafunzi kuyatolea tasnifu maarifa yao. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji unyenyekevu wa kukubali kwamba mwenye shahada anaweza kufunzwa na mwenye kikombe cha kahawa.

Tuliondoka Mombasa usiku ule, viatu vyetu vya milimani vikiwa havijakanyaga kilima. Palahala hatukumwona. Safari ya Shimba bado tunajidai, na tumeipanga upya iwe mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa ingali inavuma. Safari hii mwezi hakuuchagua mweka hazina. Tulimpigia simu mzee wa Mji wa Kale, naye akatuchagulia.