Mwanahisabati Ajifunze Lugha Gani ya Tarakilishi?

Kuna ubishi ambao umekuwa ukiendelea darasani kwetu tangu muhula wa kwanza, na mimi nimeona niutoe nje niulete hapa jaridani kila mtu ausikie. Ubishi wenyewe ni huu: sisi tunaopenda hisabati na twataka kujifunza kuiandikia tarakilishi programu, tuanze na lugha gani?

Msidhani ni maneno ya kupoteza wakati. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Ukitoka shuleni jioni, ufike nyumbani, uteke maji, uwatazame wadogo zako, kisha ufanye kazi ya ziada, unabakiwa na nusu saa ya kujifunza kitu kisichokuwa kwenye ratiba, tena si kila siku. Tarakilishi za shule ni chache na umeme nao una mambo yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuonja lugha tano ndipo achague. Atapata nafasi ya lugha moja, labda mpaka amalize Kidato cha Nne.

Wako wanaonijibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Eti yoyote itafaa! Methali ni nzuri lakini hapa imewekwa mahali si pake. Kwetu Tana kila mtoto anajua kwamba chombo huchaguliwa kwa maji. Mtumbwi wa gogo unaovusha watu mtoni hauendi bahari kuu kule Kipini, na jahazi la baharini halipandi mto mpaka Garsen. Basi tuulizane, maji yetu sisi wapenda hisabati ni yapi?

Kundi moja darasani linasema JavaScript, kwa sababu kuna pesa katika kutengeneza tovuti. Siwalaumu, njaa haina adabu. Kundi la pili linasema Visual Basic, manake imo kitabuni. Hawa nawaheshimu zaidi, kwa kuwa babu ya lugha hiyo, BASIC, ilitungwa mwaka 1964 na wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliokuwa wakifundisha chuo cha Dartmouth huko Marekani. Walitaka hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia tarakilishi. Lakini mjukuu si babu. Kundi la tatu ni la wale wanaotaka C kwa kuwa ni ngumu. Hao nawapita tu.

Mimi nasema Python. Na sababu yangu si kwamba inapendwa duniani. Sababu yangu ni kwamba nambari zake zina tabia kama za nambari za ubaoni.

Chukueni saa zetu za Kiswahili. Simu ikiandika 13, sisi twasema saa saba mchana. Kanuni ni rahisi: toa 6, gawanya kwa 12, uchukue baki (baki ikiwa sufuri, hiyo ni saa kumi na mbili). 13 toa 6 ni 7, sawa kabisa. Sasa simu iandike 1, usiku wa manane umepita. 1 toa 6 ni hasi 5. Katika hisabati baki ya hasi 5 kwa 12 ni 7, kwa sababu ukiongeza 12 unafika 7, na kweli nyanya yako atakwambia hiyo ni saa saba usiku. Iulize Python, uandike -5 % 12, itajibu 7. Iulize C, Java, JavaScript ama Visual Basic, itajibu -5. Saa hasi tano! Jamani, nani amewahi kuamshwa saa hasi tano? Najua ukiongeza 12 na kutafuta baki mara ya pili utapata jibu, na wenye lugha hizo wana sababu zao. Lakini mwanafunzi anayeanza hajui hilo, atadhani hisabati yake ndiyo mbovu.

Mfano mwingine. Zidisha 1 kwa 2 kwa 3, uendelee hivyo mpaka 13. Jibu ni 6,227,020,800. Katika Java, ukitumia nambari kamili ya kawaida iitwayo int, utapewa 1,932,053,504 bila hata kuambiwa pole! Chumba cha nambari hiyo mwisho wake ni 2,147,483,647, na kinachozidi kinamwagika kama maji ya mtungi uliojaa. Python haina kikomo hicho. Endelea mpaka 100 utapata nambari yenye tarakimu 158, na kila tarakimu ni sahihi. Anayependa nambari tasa ataelewa kwa nini nalifurahia jambo hili.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Python nayo ina kasoro. Ni ya polepole ukiilinganisha na C. Tena ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2, inakujibu 0.30000000000000004. Tarakilishi huhesabu kwa mbili mbili, na moja ya kumi haiandikiki ikaisha kwa mtindo huo, kama vile theluthi isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. Lugha nyingi zina ugonjwa huu. Angalau Python ina kifaa chake cha akisami, Fraction, ambacho kitakupa 3/10 kama mwalimu anavyotaka.

Mtu anayependa takwimu anaweza kunishinda kidogo. Yuko na lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, kwa ajili ya takwimu hasa. Na takwimu kwetu si mchezo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, kisha ya Aprili na Mei 2024, yaliwahamisha watu wengi katika kaunti hii. Maji hayo hupita Garissa kwanza, yakachukua siku kadhaa kutufikia sisi wa chini. Kimo cha mto kikipimwa kule na huku kila siku, hizo ni safu mbili za nambari, na kutafuta ya kwanza inaiambia nini ya pili ni hesabu ambayo mwanafunzi anaweza kuijaribu. Kwa nini ihesabiwe na watu wa mbali peke yao? R inaifanya vizuri, Python pia inaiweza. Mimi nabaki na Python kwa kuwa leo itanihesabia mto na kesho nambari tasa.

Kuna mkubwa mmoja aliyeniambia kwamba mwanahisabati wa kweli hahitaji tarakilishi, kalamu na kichwa vyatosha. Kwa heshima zote, nakataa. Mwaka 1852 Francis Guthrie alikuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza, akaona rangi nne zatosha ili majirani wasifanane. Je, ni hivyo kwa ramani yoyote? Watu walihangaika na swali hilo zaidi ya miaka mia moja, mpaka Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipolithibitisha mwaka 1976, wakiitumia tarakilishi kwa zaidi ya saa 1,000.

Wana wa Chama cha Kiswahili wataniuliza, mbona lugha zote hizi zina maneno ya Kiingereza? Ni kweli, na inaniuma. Ila katika Python unaweza kuandika andika = print, na tangu hapo programu yako inaandika kwa Kiswahili. Majina kama jumla, baki na saa unayaweka mwenyewe. Maneno machache kama if na while yanakataa kubadilishwa.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Tupewe tarakilishi mbili kila Jumatano baada ya michezo, na Python iwekwe humo. Haina malipo, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Wasiopata nafasi wataandika programu zao kwenye karatasi wakingoja zamu. Na walio na ndugu mwenye simu ya Android wanaweza kuiweka humo wafanyie zoezi nyumbani, maana shuleni simu haziruhusiwi.

Zoezi la kwanza nimeshalitunga. Chukueni atlasi, mwandike kila kaunti kati ya zile 47 na majirani zake, kisha muiambie Python izipake rangi nne bila majirani kufanana. Tana River ina majirani wengi, msianze na hiyo.