Siku Mbili Kando ya Ziwa la Como

Mzazi ashughulikaye juma zima mara nyingi huwaona wanawe wakiwa wamelala. Kufuatana nao safarini siku mbili ni haki yao, wala si anasa.

Jumamosi moja sisi na watoto wetu tulipanda treni kutoka Milano, Italia, mpaka mji wa Como ulio ukingoni mwa ziwa, mwendo wa kama kilomita 40 upande wa kaskazini. Chakula cha halali hakikututaabisha, kwani ziwa lina samaki. Na wenyeji huwatia chumvi samaki wadogo wakawaanika juani, mfano wa ng'onda wa pwani yetu.

Jumapili tuliwapeleka vijana katika jumba la makumbusho lililofunguliwa kando ya ziwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Alessandro Volta, mzaliwa wa Como wa mwaka 1745. Bwana huyo alipanga vipande vya zinki na shaba, na baina yake vitambaa vilivyorowa maji ya chumvi, akapata umeme uendao mfululizo. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1800. Neno "volti" liandikwalo juu ya betri limetokana na jina lake.

Basi angalieni, enyi vijana: chumvi iliyomo jikoni mwa mama zenu ilikuwa mlango wa elimu kwa aliyetaka kujua. Nanyi wazazi, watoto wakiuliza njiani, msiwanyamazishe. Fedha ya nauli hutafutwa ikapatikana. Utoto ukipita haurudi.