Umri wa binti kwanza, undugu baadaye

Mwandishi umegusa mengi ya maana, ila hapo uliposema tuchukue binti wa ndugu toka kijijini atulelee watoto kwa kuwa ni damu yetu, sikubaliani nawe. Huku Musoma nimeona mabinti wa miaka 11 au 12 wanaletwa toka vijiji vya Butiama na Bunda, wanaachiwa kichanga na jiko la mkaa kutwa nzima. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu kuajiri aliye chini ya miaka 14, hata awe mpwa wako! Na wewe dada uliyetoa maoni hapo juu kwamba walezi wasio ndugu ni wezi, usiwajumlishe wote. Mimi nauza dagaa Mwigobero, natoka alfajiri, mwanangu namwacha Nyasho kwa mama ambaye hata kabila si moja. Kabla ya kumwachia nilikwenda mchana bila taarifa, nikamkuta anadondoshea uji nyuma ya kiganja kupima joto ndipo amnyweshe mtoto, na ndoo za maji zote zimefunikwa. Mnaopeleka watoto kwenye vituo vya kulelea watoto, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kama kituo kimesajiliwa, kabla hamjalipa ada.