Hesabu ya Mto Sondu Ifike Darasani

Mwanafunzi wa jiografia hapa Oyugis anaweza kukueleza habari za bwawa la Aswan hadi ukachoka. Muulize Mto Sondu, ulio jirani yetu, hubeba maji kiasi gani mwezi Februari, naye atakutazama tu. Sidhani kwamba kosa ni lake.

Mto huo, uitwao pia Miriu, huanzia msitu wa Mau na kuishia Ziwa Victoria. Tangu 2008 sehemu kubwa ya maji yake hupitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6 hadi kwenye mitambo ya KenGen yenye uwezo wa megawati 60. Tangu 2012 maji hayo hayo huzungusha pia mitambo ya Sang'oro, megawati 21. Hata hivyo, hakuna bwawa kubwa la akiba. Mvua ikikatika, umeme nao hupungua. Ndiyo sababu bwawa la Magwagwa, huko juu upande wa Nyamira, limetajwa katika mipango kwa miaka mingi.

Sipingi bwawa. Nauliza: nani ataamua lango lifunguliwe lini, na kwa hesabu gani? Wahandisi huiita hesabu hiyo kielelezo: maji yaingiayo, yatokayo, yanyonywayo na jua, na matope yanayojaa chini. Kiini chake ni cha kidato cha pili. Tuseme mto unaleta mita za ujazo 10 kwa sekunde, na mitambo inataka 40. Siku ina sekunde 86,400. Basi bwawa litapungua kwa mita za ujazo 2,592,000 kila siku.

Ugumu uko kwingine. Bwawa likiwekwa limejaa kwa ajili ya umeme, gharika haina pa kupokelewa. Likiachwa nusu tupu, kiangazi kitatuumbua. Na mama atekaye maji chini ya maporomoko ya Odino, ambako mto umekwisha kuchepuliwa, asipoandikwa katika hesabu hiyo, kielelezo hakimjui.

Ziwa lenyewe limetuonyesha. Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe huko Jinja mwaka 1954, kulikuwa na kanuni ya kulinganisha maji yafunguliwayo na kina cha ziwa. Katika miaka ya 2004 na 2005 yalifunguliwa kupita kanuni, tena wakati wa ukame, na kufikia 2006 wavuvi wa pwani ya Homa Bay waliona ufuo ukiwakimbia. Kanuni ilikuwapo, naam. Lakini ni wangapi miongoni mwao waliokuwa wameisikia?

Kwa hiyo naomba Mamlaka ya Rasilimali za Maji izipe shule za Oyugis, Kabondo na Sondu takwimu za mto huu, za kila siku, bila kuzungushana maofisini. Walimu wa hisabati na wa jiografia wakae meza moja. Kipimo cha mvua hutengenezwa kwa chupa na rula, na masika huanza mwezi Machi.