Kabla ya asilimia, ijulikane nani ameulizwa

Nchini Kongo, sensa ya mwisho ya watu wote ilifanyika mwaka 1984. Wengine waliohesabiwa wakiwa wachanga leo wana wajukuu. Kwa hiyo anayetangaza kwamba asilimia fulani ya wakaaji wa Goma, Bunia ao Uvira wana njaa, aseme kwanza aliowauliza aliwapata namna gani.

Mara nyingi jibu linatia haya. Mwanafunzi anayeandika TFC anafika kambini asubuhi na karatasi 100 za maswali. Anauliza wanaokaa karibu na mlango na akina mama walio kwenye bomba la maji. Saa sita kazi imekwisha, na kitabu kinasema "wakimbizi wa ndani". Lakini mashariki mwa Kongo wengi wao hawako kambini. Wanalala kwa ndugu na jamaa, familia mbili tatu chini ya bati moja. Hao hawakuulizwa, wala baba aliyetoka alfajiri kutafuta kibarua.

Njia bora haina uchawi. Avenue ikiwa na nyumba 200 na zinatakiwa 10, inachukuliwa kila nyumba ya 20, na ya kwanza inapatikana kwa kura. Mlango ukiwa umefungwa, mtafiti anarudi jioni; hakimbilii kwa jirani.

Hata mashirika makubwa yamebishiwa. Shirika la IRC lilifanya uchunguzi mara 5 kati ya 2000 na 2007, likakadiria kwamba tangu Agosti 1998 watu milioni 5.4 walikufa kupita vifo vya kawaida, wengi kwa magonjwa na njaa, si risasi. Baadaye watafiti wa Canada walipinga: vijiji vya uchunguzi wa kwanza havikuwakilisha nchi, na "kawaida" iliyotumiwa ilikuwa wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, wakati Kongo ilikuwa na vifo vingi zaidi hata kabla ya vita. Ubishi ulikuwa juu ya njia ya kuhesabu. Aliyezika wanawe hakuhitaji kuusikia.

Kuna pia unga. Familia ikiona karatasi inadhani ni orodha ya msaada, na watoto wanne wanageuka saba. Kosa si la mama huyo, ni la aliyeuliza bila kueleza kwamba hakuna jetoni. Na akimaliza, arudi na majibu yake, ayasome mbele ya chefu wa avenue na waliojibu, kabla hayajapelekwa Kinshasa.