Shoti ya rangi tatu sio juice

Wasee, leo naongea kitu ambacho huenda kikanipunguzia kazi. Sawa tu.

Mnakumbuka ile video yangu ya shoti ya rangi tatu? Nyeusi chini, rangi ya maziwa katikati, rangi ya chungwa juu, halafu kiberiti na moto wa bluu. Hakuna video yangu iliyotazamwa kuliko hiyo. Hadi leo mtu ananisimamisha kwa stage ya matatu ananiuliza, "Buda, ile kitu unatengenezaje?"

Inaitwa B-52. Kahlúa ya kahawa inaingia kwanza, Baileys inafuata, Grand Marnier inakaa juu. Hakuna uchawi hapo, ni sukari tu. Kinywaji chenye sukari nyingi ni kizito, chenye pombe nyingi ni chepesi. Unaweka chupa kwa friji zipoe, unageuza kijiko, unamimina pole pole kwa mgongo wake ndio tabaka zisichanganyike. Ukikosea mpangilio unapata uji wa kahawia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nakuapia hiyo ndiyo fizikia pekee iliyowahi kuniingia bila kulazimishwa.

Video yangu iliishia hapo. Shida ikaanzia hapo.

Miezi michache baadaye nikaalikwa bash kwa keja ya jamaa huko Kahawa Wendani. Wasee walikuwa wamechanga, wakanunua kila kitu, wakataka nimimine kama kwa video. Kulikuwa na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole, mwembamba. Bia alikuwa anakataa, ati ni chungu. Lakini hii ilikuwa tamu kama ice cream, na ilikuwa inapigwa picha. Akapiga nne haraka haraka. Grand Marnier ikaisha, mtu akatoa rum ya asilimia 75.5 aliyoletewa kutoka majuu, ndio moto uwake vizuri. Kijana akaongeza mbili. Nusu saa haikuwa imeisha.

Saa tano usiku alikuwa amezima kwa sofa, chali. Tukacheka. Kuna mtu alimrekodi. Mimi pia nilicheka, siwezi kudanganya. Halafu akaanza kutapika akiwa vile vile chali, na ile sauti ya kukoroma ikageuka kuwa sauti ya mtu anayekosa hewa. Msichana mmoja anayesomea uuguzi ndiye alitusukuma kando, akamlaza ubavu, akamtoa matapishi mdomoni, akaitisha gari. Sisi wengine tulikuwa tumesimama na simu mkononi.

Alipona. Angekufa, angekufa akifuata video yangu.

Sasa cheki hesabu ambayo sikuweka kwa ile video. Shoti ya mililita 45 ina mililita 15 za kila chupa. Kahlúa ya asilimia 20, Baileys ya 17, Grand Marnier ya 40. Ukijumlisha unapata karibu mililita 11.5 za pombe yenyewe. Tusker ya mililita 500, asilimia 4.2, ina 21. Kwa hivyo shoti moja ni kama nusu Tusker. Si mbaya, ama?

Tatizo ni mwendo. Tusker utaishika mkono nusu saa ukipiga story. Shoti inaisha kwa sekunde mbili, na sukari na maziwa vinaficha ule ukali ambao ungekuambia "pole pole". Ukiweka rum ya 75.5 juu, shoti ile ile inaruka hadi karibu mililita 17. Yule kijana alikunywa takriban mililita 80. Hizo ni karibu Tusker nne kubwa, kwa tumbo la mtu asiyekunywa, kabla nusu saa iishe. Ini linasafisha kama mililita 10 kwa saa, na halina haraka hata kama wewe unayo. Kahawa hailiharakishi. Kuoga maji baridi hakuliharakishi.

Maoni yangu ni haya: sisi watu wa kontenti tunauza rangi na kuficha namba. Tunaonyesha kijiko na moto, hatuonyeshi sofa. Na tunajua kabisa kwamba watu wa form three wako kwa hizo video.

Julai 2025 serikali ilitoa sera inayopendekeza umri wa kunywa utoke 18 hadi 21, na watu maarufu na mainfluensa wazuiwe kutangaza pombe. Nilipoisoma nilikasirika, kwa sababu hiyo ni rent yangu. Na bado sidhani kubadilisha umri pekee kutatosha. Leo sheria ni 18, na kila mtu anajua duka la mtaani ambalo haliulizi kitambulisho. Lakini kuhusu sisi mainfluensa, siwezi kubisha kwa nguvu. Tungekuwa tunasema ukweli wenyewe, hakuna mtu angehitaji kutufunga mdomo.

Kuna watakaosema kila mtu mzima ajichunge. Sawa. Lakini utajichunga vipi na kitu ambacho kimetengenezwa usikisikie?

Kwa hivyo kuanzia leo, video yoyote yangu yenye glasi itakuwa na namba kwa skrini: mililita ngapi, ni sawa na bia ngapi. Kampuni isiyotaka hiyo, tuachane kwa amani. Na ile video ya zamani nimeitoa.

Wewe uliye chini ya 18, hii sio yako, na hakuna mtu poa atakayekudharau ukishika soda. Wewe uliye juu, kula kwanza, hesabu shoti zako, na usikubali kumiminiwa kitu ambacho hujaona chupa yake. Shoti inayowaka haiendi mdomoni, moto uzimwe kwanza.

Na mtu akizima, usimwache "alale itoke". Mlaze ubavu, goti limekunjwa, na mtu mmoja akae naye. Ukimwita haamki, ama anapumua pole sana, ama midomo na kucha zinageuka rangi, piga 999 au 1199 ya Red Cross. Usiogope ati mtashikwa. Usiogope mathe wake. Mathe anayekasirika anapigiwa simu ya "njoo hospitali". Kuna simu nyingine mbaya kuliko hiyo.

Yule kijana bado tunaongea. Siku hizi ananitumia video za watu wengine wakimimina rangi tatu, na swali moja tu: "Huyu amesema namba?"

Bado sijapata hata mmoja.